Naomba Hifadhi ya Nyasi Ifutwe ili Mume Wangu Arudi Nyumbani

Mbotela, Nairobi
Tarehe 11 Mei 2026

Kwa Afisa wa Nyasi na Viwanja vya Wazi

Ndugu Afisa,

KUHUSU: KUFUTWA KWA HIFADHI YA NYASI YA MBOTELA, PAMOJA NA NYASI ZENYEWE

Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na nyasi zote zilizo chini yako. Mimi pia ni mzima, isipokuwa kwa hayo nitakayoyaeleza. Jina langu ni Zipora Nakhumicha, hapa mtaani Mama Nafula, fundi wa kushona sare za shule, mkazi wa Mbotela kwa miaka thelathini na mmoja. Cherehani yangu iko barazani, na baraza langu linatazamana uso kwa uso na kile kiwanja ambacho ofisi yako ilikisimikia kibao cha HIFADHI mwaka wa 2021. Nyasi zikiinama kwa upepo, mimi ndiye wa kwanza kujua. Kwa hiyo sikuandikii habari za kusikia.

Kabla sijaanza, ieleweke kwamba mimi si adui wa majani. Nilikuwepo siku ile bwenyenye mmoja alipoleta mabati na mafundi akitaka kukizungushia kiwanja ua, akisema ana karatasi. Wakazi tulitoka. Mzee Dirie, muuza mbuzi wa Majengo, alileta mbuzi arobaini wakalala palepale mabati yalipotakiwa kusimama, na mbuzi wa Dirie wakishalala hawaamki kwa ajili ya karatasi. Wiki tatu baadaye ofisi yako ikaleta kibao, na mimi nikapiga vigelegele kuliko mwanamke yeyote wa Mbotela. Sikujua kwamba napigia vigelegele mke mwenza.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Kuhusu ndege. Mvua za Machi zikishika, wanatokea ndege weusi wenye mikia mirefu, madume watupu, ambao kazi yao ni kuruka wima juu ya nyasi, kushuka, na kuruka tena, kama mtu mfupi anayetaka kuona mechi ng'ambo ya ukuta. Wanafanya hivyo kutwa nzima kwa ajili ya majike ambao hata hawawaangalii. Wanaowaangalia ni wateja wangu. Mwezi uliopita alikuja mwalimu mmoja nimpime koti, na kila ndege akiruka, mwalimu naye ananyanyua bega. "Aki Mama Nafula, ona vile kanaruka!" Mimi nilipima nilichokiona. Koti lilitoka bega moja juu, jingine chini, na wanafunzi wake wamempa jina ambalo si la kuandikia ofisi.

2. Kuhusu amani. Zamani kiwanja kile kilikuwa cha kamba za nguo, na penye kamba za nguo hapakosi ugomvi, na ugomvi ndio uliokuwa ukituletea habari za mtaa. Sasa ni marufuku kukanyaga nyasi, kwa hiyo kila mtu anayekwenda Jogoo Road anazungukia mbele ya baraza langu, na kila anayepita ni lazima anisalimie. Nikishona kola moja nimeitikia "habari ya asubuhi" mara kumi na moja. Bwana Nzivo, jirani mfuga sungura, ambaye hatukusemezana tangu 2009 kwa sababu ya shuka, sasa ananijulia hali mara nne kwa siku na kuniuliza Mwenyekiti ameamkaje. Sikuwahi kuchoshwa na Nzivo namna hii tulipokuwa maadui.

3. Kuhusu huyo Mwenyekiti. Hapa ndipo penye jambo lenyewe. Mwenyekiti wa Nyasi ni mume wangu, Wakoli. Alifanya kazi kiwanda cha sabuni kule Industrial Area kwa miaka thelathini na minne. Sisi ni watu wa Kimilili, na kwetu mtu akistaafu anarudi nyumbani. Anapakia viti, kabati na kuku, anapanda lori, na ndugu wanampokea kwa maombi. Hiyo si sheria iliyoandikwa mahali, ndiyo maana kila mtu anaifuata. Nyumba tumeshajenga, vyumba vinne, mabati ya bluu ambayo rangi yake niliichagua mwenyewe. Katika nyumba hiyo nimelala siku kumi na moja tu.

Wakoli alistaafu mwezi uleule mlioleta kibao. Katika mkutano wa wakazi mtu mmoja akauliza ni nani mwenye nafasi ya kuangalia nyasi. Mume wangu alikuwa mstaafu wa siku nne. Akainua mkono.

Tangu siku hiyo namngoja. Lori nimeliita mara tatu. Mara ya kwanza alisema tungoje nyasi zikatwe. Mara ya pili alisema tungoje zichipue. Mara ya tatu alisema kwamba kati ya kukatwa na kuchipua ndipo hasa zinapohitaji mtu. Sasa nakuuliza wewe mwenye ofisi, nyasi zina wakati gani mwingine?

Niseme wazi, Ndugu Afisa: nataka kwenda nyumbani. Nina miaka sitini na mmoja. Nimeshona sare za watoto ambao leo wananiletea watoto wao niwashonee. Nataka nifungue mlango asubuhi nione migomba yangu, nisikie lugha yetu ikiongewa kwa sauti kubwa bila sababu, na jirani anipigie kelele kwamba ng'ombe wangu ameingia kwake. Nikifikiria hayo mguu wangu unasimama kwenye cherehani, na sare zinachelewa.

4. Kuhusu Kifungu cha Tano. Hiki ndicho kinachomfunga mume wangu hapa kuliko nyasi zenyewe. Nyasi za hifadhi hukatwa mara moja tu kwa mwaka, kwa mundu, baada ya mbegu kudondoka. Zikikatwa mapema hazitoi mbegu, na mwaka unaofuata magugu yanachukua nafasi. Zikikatwa kwa wakati wake zinaanikwa siku tatu, zinafungwa marobota, nusu wanagawiwa wenye sungura na ng'ombe hapa mtaani, na nusu wanakula mbuzi wa Mzee Dirie, ambao hufika kutoka Garissa wiki moja kabla ya Idd ya kuchinja. Mwaka wa 2021 Idd iliangukia Julai, na mbegu zilikuwa zimeshadondoka. Kila kitu kilikaa mahali pake. Mume wangu kwa furaha akachukua kalamu akaandika katika katiba ya hifadhi, Kifungu cha Tano: "Nyasi zitakatwa siku saba kabla ya Idd, kila mwaka, bila kukosa." Mzee Dirie akatia sahihi. Ofisi yako ikapiga muhuri.

Mume wangu, ambaye ni mzee wa kanisa, alidhani Idd inakaa mahali pamoja kama Krismasi. Mzee Dirie alidhani kila mtu anajua kwamba haikai. Wewe sijui ulidhani nini.

Idd inafuata mwezi, Ndugu Afisa. Kila mwaka inatangulia kwa siku kumi au kumi na moja. Nyasi zinafuata mvua, na mvua haikutia sahihi. Mwaka jana tulikata mwishoni mwa Mei, mbegu zikiwa mbichi na manyunyu yakiendelea. Zilioza. Mbuzi wa Dirie walizinusa, kisha wakatuangalia sisi. Mwaka huu siku ya kukata inatarajiwa kuwa tarehe ishirini ya mwezi huu, na mashuke ndiyo kwanza yanachomoza. Tukiendelea hivi, baada ya miaka michache tutakuwa tunainama Aprili kukata kitu ambacho hakijaota. Na mume wangu amesema hawezi kuondoka Nairobi akaziacha nyasi zikiwa na sheria mbovu aliyoiandika kwa mkono wake.

5. Kuhusu adabu. Ungedhani wanaume wawili wazima wangekaa chini wakabadilisha sentensi moja. Hawawezi. Mume wangu anasema hawezi kwenda kumwambia Mwislamu habari za Idd yake, ataonekana mtu wa namna gani? Kwa hiyo kila Mei Mzee Dirie anakuja barazani, anakaa kwenye kiti cha wateja, na wanakunywa chai saa tatu nzima. Wanaongea habari za magoti yao. Wanaongea habari za msongamano wa Muthurwa. Wanaongea habari za Ilwad, mjukuu wa Dirie, anayesomea uuguzi. Wakati wote huo macho ya wote wawili yako kwenye nyasi, na hakuna anayezitaja. Mwaka jana nilishindwa kuvumilia nikawaambia, "Semeni basi!" Mume wangu akaniuliza kama sukari imebaki.

Na chai yenyewe! Tangu urafiki huu uanze, Wakoli hanywi chai isiyo na iliki, mdalasini na karafuu. Mtu aliyelelewa kwa chai ya majani na maziwa, sasa anainusa kwanza kikombeni ndipo aikubali. Tukifika Kimilili nani atamvumilia?

6. Kuhusu kanisa. Ili asikosee siku ya kukata, mume wangu sasa anafuatilia mwezi kuliko watu wa msikitini. Jumapili moja mwaka jana aliitwa asome matangazo. Akasoma mkutano wa akina mama, akasoma harambee ya paa, na katikati ya hayo mawili akawatangazia waumini kwamba mwezi umeandama. Mchungaji alisema "Amina" kwa kuwa hakuwa na neno lingine karibu. Watu watatu walinishika mlangoni wakaniuliza kwa upole kama tumehama dini. Niliwajibu kwamba sisi hata nyumba tumeshindwa kuhama.

7. Kuhusu kifo. Hili ndilo lililonitoa kwenye cherehani nikashika kalamu. Wiki iliyopita tulikuwa tunakula ugali na sukuma wiki. Mume wangu akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, kwamba ikitokea amefariki kati ya Aprili na siku ya kukata, asisafirishwe. Awekwe, angoje. Nikamuuliza angoje nini. Akasema kamati ya nyasi haitapata nafasi ya kusafiri mpaka kazi iishe, na si vizuri mtu azikwe bila kamati yake.

Ndugu Afisa, kwetu maiti haingojei nyasi. Kwetu maiti haingojei hata wakwe. Nilimwambia kama ndivyo, basi mimi nitatangulia Kimilili peke yangu, nikiwa hai, na machozi yalinitoka hata sikuona mboga. Aliweka tonge lake chini, akanishika mkono, akasema ananielewa kabisa. Kisha akaniomba nisiende siku ya kukata.

Kwa hayo yote, naomba kwa heshima ofisi yako ifanye mojawapo ya mambo haya:

(a) Hifadhi ifutwe, na mahali pake pajengwe kitu ambacho mume wangu hawezi kukipenda, kwa mfano pa kuoshea magari.

(b) Kama hilo haliwezekani, nyasi zing'olewe pamoja na udongo wake, ndege wake na kibao chake, zipakiwe kwenye lori na kupandwa Kimilili mbele ya nyumba yenye mabati ya bluu. Mume wangu atazifuata mwenyewe, hata kwa miguu.

(c) Kama nalo haliwezekani, apewe barua ya kustaafishwa nyasi, yenye muhuri. Namjua. Kiwandani pia hakuacha kazi mpaka alipoandikiwa.

Siombi usogeze Idd. Najua haiko chini ya ofisi yako.

Wasalimie wote hapo, hasa yule dada wa mapokezi aliyeniambia nirudi kesho mara nne bila kukunja uso hata mara moja. Msalimie dereva aliyeleta kibao, mwambie kimesimama wima mpaka leo na hatumlaumu yeye. Wasalimie wa nyumbani kwako, na kama una mtu unayemngoja astaafu, nakuombea subira.

Ni mimi mlalamikaji wako, mwenye uchungu lakini asiye na kinyongo,

Zipora Nakhumicha Wakoli
(Mama Nafula)

Nyongeza, tarehe 23 Mei:

Barua hii imechelewa kwa sababu nilimpa mume wangu aniangalizie Kiswahili. Alikuwa katibu wa chama cha wafanyakazi kiwandani, na mambo ya barua anayajua. Aliisoma yote, akasahihisha herufi mbili, akaikunja vizuri. Kisha akasema, "Mama Nafula, sikujua imekuuma hivi. Twende nyumbani." Hakubishana hata kidogo. Akapiga simu, na likapatikana lori lililokuwa linarudi tupu Webuye, karibu na kwetu, Jumatano, tarehe ishirini. Nilifurahi mpaka nikashona suruali ya mtu mifuko yote miwili ikafungwa.

Jumatano walianza kupakia viti. Mume wangu alikuwa anafunga kamba, ameipa hifadhi mgongo, na sijawahi kuona mtu akifunga fundo moja kwa muda mrefu namna ile. Mara nikamwona Mzee Dirie ng'ambo, penye kibao, na watu sita wenye miundu, wamekuja kukata, maana Kifungu cha Tano ndivyo kinavyosema. Nikavuka kwenda kumuaga. Nilichotaka ni kuaga tu. Lakini nilipofika pale nikachuma shuke moja nikalisugua kiganjani, na mbegu zikatoa maji meupe kama maziwa. Ndugu Afisa, nilimsikia mwanamke akipiga kelele kwamba leo hapa haukatwi hata unyasi mmoja, Idd au si Idd, na mwanamke huyo nilikuwa mimi.

Mzee Dirie akaweka mundu chini. "Wallahi, Mama Nafula, miaka mitatu nangoja mtu aseme hayo maneno. Mbuzi wangu nawanunulia nyasi ya Kajiado! Nakuja kukata kwa sababu mzee wako aliandika. Ningeanzaje kumwambia ameandika vibaya?" Mume wangu alikuwa ameshafika, kipande cha kamba mkononi. Akasema yeye alikuwa anakata kwa heshima ya Idd. Dirie akasema yeye alikuwa anakata kwa heshima ya Mwenyekiti. Wakatazamana, wakaanza kucheka, wakacheka mpaka Dirie akakaa chini kwenye nyasi, jambo ambalo ni marufuku.

Kifungu cha Tano tumekibadilisha palepale. Sasa kinasema nyasi zitakatwa siku ambayo Mama Nafula atazisugua kiganjani na kuridhika, na mbuzi wa Idd watakula marobota ya mwaka uliotangulia. Nimeambatisha nakala, naomba muhuri. Utaona kwamba sheria imenitaja mimi kwa jina, kwa hiyo kusafiri kabla ya Julai itakuwa ni kuvunja katiba. Maombi (a), (b) na (c) tafadhali yasishughulikiwe. Badala yake tuletewe miundu miwili mipya, mmoja uwe wa mkono wa kushoto, maana mimi ni mashoto na huu wa Wakoli unanichuna vidole.

Lori halikuweza kungoja, likaondoka na viti. Jana shemeji yangu alipiga simu kutoka Kimilili akauliza, viti vimefika salama, wenye kuvikalia wako wapi? Nikamwambia tuko shambani.